Zebra: jina la mnyama aliyekwisha kufa

Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa au Mbeya, ukishaiacha Morogoro barabara kuu inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Dereva anapunguza mwendo kwa sababu vibao vinamtaka apunguze, na abiria waliokuwa wamesinzia wanaamka. "Punda milia hao!" mtu anasema, na mama aliyepakata mtoto anamnyanyua mwanawe aone. Katika safari zangu za njia ile sijasikia abiria akisema "zebra hao". Lakini basi lilelile likiingia mjini, utamsikia mtu akimwambia konda, "Nishushe pale kwenye zebra," na hakuna anayegeuza shingo kutafuta mnyama.

Kwetu zebra ni rangi nyeupe iliyopakwa juu ya lami. Sarufi yenyewe inashuhudia. Tunasema zebra imefutika, zebra haionekani usiku, zebra ile ipakwe upya. Kiswahili kina msimamo kuhusu viumbe wenye pumzi: hata jina liwe la kukopa kutoka wapi, mwenye uhai anapewa a- na wa-. Simba amelala, pengwini wanaogelea. Zebra ya barabarani haikupewa heshima hiyo kwa sababu ilipofika kwetu ilikuwa imeshaachana na mnyama.

Nimelifuatilia neno hili kwa muda mrefu, na kilichonishika ni historia yake ya kuhama. Linatoka kwa mfu kwenda kwa aliye hai, kisha linawaacha hai na kwenda kwenye vitu. Na katika kuhama huko kuna mnyama mmoja alipotea, watu wasijue kwamba amepotea.

Nianze na dai ambalo nimelisikia mara nyingi, kwamba zebra ni neno la Kiafrika, kutoka Kongo, ambalo Wazungu walilichukua pamoja na vingine walivyochukua. Dai hilo halikuzushwa barazani. Kamusi kubwa za Kiingereza zililiandika kwa miaka mingi, na ukitazama njia ambayo neno lilipita utaona kwa nini. Mwaka 1578 Mreno mmoja, Duarte Lopes, alifika katika Ufalme wa Kongo. Baadaye mfalme Álvaro akamtuma awe balozi wake kwa Papa. Huko Roma Lopes akamsimulia Mwitaliano Filippo Pigafetta aliyoyaona, na Pigafetta akayachapisha mwaka 1591. Miaka sita baadaye, 1597, Abraham Hartwell akayatoa kwa Kiingereza. Ndani ya masimulizi hayo yumo mnyama mwenye milia aitwaye zebra. Msomaji wa London aliyekutana na neno geni, katika habari za Kongo, juu ya mnyama wa Afrika, alikuwa na haki ya kudhani kwamba neno nalo ni la Kongo. Watunga kamusi wakamfuata.

Ila Lopes hakulikuta neno hilo Kongo. Alikwenda nalo kutoka kwao.

Katika Ureno na Hispania za zama za kati kulikuwa na mnyama wa mwituni aliyeitwa zebro, na jike lake zebra. Wahispania walimwita pia encebra. Watu walimwinda, wakala nyama yake, na ngozi yake ikawa bidhaa yenye bei. Majina ya mahali bado yanamtaja: Ureno kuna Zebreira, kuna Vale de Zebro, yaani bonde la zebro. Mizizi ya neno inaelekea kwenye Kilatini, equiferus, kutoka equus, farasi, na ferus, mwitu. Katika miaka ya 1570 mfalme Felipe wa Pili wa Hispania alituma maswali kwenye miji na vijiji vyake, akitaka kujua kila mahali pana nini. Watu wa Chinchilla, upande wa kusini mashariki, walijibu kwamba zamani kwao kulikuwa na encebra wengi: walifanana na farasi majike, rangi yao kama ya majivu au manyoya ya panya, walilia kama farasi, na mbio zao hakuna farasi aliyeweza kuzifikia.

Hakuna milia katika maelezo hayo. Wataalamu bado wanabishana kama alikuwa farasi mwitu au punda mwitu. Lisilo na ubishi ni kwamba alikwisha. Watu wa Chinchilla walimzungumzia kwa wakati uliopita, na kufikia mwisho wa karne ya 16 hakuna aliyemwona tena.

Na karne hiyohiyo ndiyo Wareno walikuwa wakizunguka pwani za Afrika, kutoka Kongo na Angola hadi Rasi ya Tumaini Jema na kupanda kwetu Malindi na Mombasa. Walipomwona mnyama wa umbo la punda, mwenye mbio, asiyefugwa, kinywani mwao lilikuwapo jina ambalo mwenyewe alikuwa anazikwa. Kwetu mtoto hupewa jina la babu aliyefariki ili jina lisipotee, na ukoo wote unajua jina limetoka kwa nani. Punda milia alipewa jina la marehemu ambaye hata si wa ukoo wake wa karibu, na kwa karne tatu na zaidi waliolitamka jina hilo hawakujua kwamba kuna marehemu.

Kinachonifurahisha ni kwamba Wareno na Waswahili walimwona mnyama huyu kwa jicho linalokaribiana. Wao walisema, huyu ni zebro wetu ila ana milia. Sisi tulisema, huyu ni punda ila ana milia. Na hatukuwa peke yetu. Wasomali wanamwita dameer farow, na dameer ni punda. Waethiopia kwa Kiamhari wanasema yemeda ahiya, punda wa mbugani. Waarabu wanasema himari wahshi, punda mwitu, na wakitaka kumtofautisha wanaongeza kwamba ana mistari. Tazama ramani: Pwani ya Waswahili, Somalia, Ethiopia, Uarabuni. Ni eneo la punda. Kaskazini mashariki mwa Afrika ndiko punda alikofugwa kwa mara ya kwanza, kama miaka 7,000 iliyopita, na hadi leo Lamu bila punda mizigo hailali ndani. Watu hawa wote walimjua punda kabla ya kumtafutia jina mwenzake wa porini, hivyo walianza na walichokijua.

Nenda Botswana uone tofauti. Kwa Kitswana punda milia ni pitse ya naga, farasi wa porini. Huyo ndiye mnyama wa taifa lao, wawili wamesimama kwenye nembo ya nchi, na timu yao ya taifa ya mpira inaitwa Zebras. Warumi nao walimwona farasi, ila wakamchanganya na chui milia wa India: hippotigris, farasi-taiga. Mwanahistoria Cassius Dio anasimulia kwamba enzi za mfalme Caracalla, mwanzoni mwa karne ya 3, mmoja aliuawa uwanjani mbele ya watu. Wakati huohuo zipo lugha za kwetu ambazo hazikumlinganisha na mnyama mwingine yeyote. Wamaasai wana oloitiko, Waganda wana entulege, Wanyarwanda na Warundi wana imparage, Wazulu wana idube. Haya ni majina ya mtu anayejitegemea.

Jina letu la punda limewahi kuwaponza watu. Ukimwita mnyama punda, wazo la kumpandisha mzigo haliko mbali. Wajerumani walipoitawala Tanganyika walihangaika na ugonjwa wa nagana, unaoenezwa na mbung'o, ambao uliwaua farasi wao. Punda milia waliishi humohumo kwenye mbung'o bila shida, kwa hiyo Wajerumani wakajaribu kuwafuga, kuwafunga kwenye magari na kuwazalisha na farasi. Haikufika mbali. Punda milia akishauma haachii, teke lake linaweza kuvunja taya la simba, na akiona kitanzi cha kamba kinakuja anainamisha kichwa kikapita. Wapo waliofanikiwa na mmojammoja. Nairobi ilipokuwa bado mji wa mabati na mahema, Daktari Rosendo Ribeiro, Mgoa aliyefika huko mwaka 1900, aliwazungukia wagonjwa wake akiwa amempanda punda milia. London naye tajiri Walter Rothschild aliendesha gari lililovutwa na punda milia hadi kwenye jumba la kifalme. Hao wawili picha zao zipo. Lakini hakuna jamii, ya kwetu wala ya kwao, iliyowahi kumgeuza mnyama huyu kuwa punda wa nyumbani, hata sisi tuliompa jina hilo.

Huko Ulaya, neno lilipokwisha kumkalia mnyama wa Afrika likaanza kumtoka tena. Kwa Kiingereza zebra taratibu likawa na maana ya milia tupu. Kuna samaki zebra, wale wadogo wa maabara ambao watafiti wanawatumia kujifunza namna mwili unavyojijenga. Kuna ndege zebra wa Australia. Waamuzi wa mpira wa miguu wa Kimarekani, kwa sababu ya fulana zao, wanaitwa zebra. Na kuna barabara. Waingereza walianza majaribio ya kupaka mistari mwishoni mwa miaka ya 1940, wakijaribu na rangi nyingine pia, zikiwemo buluu na njano, na mwaka 1951 zebra nyeusi na nyeupe ikawa ya kisheria. Jina lenyewe wengi wanamtaja James Callaghan, aliyekuwa naibu katika Wizara ya Uchukuzi na baadaye akawa waziri mkuu: anasemekana aliangalia mistari ile wakati wa ziara ya kikazi akasema inafanana na zebra. Mwenyewe hakuwahi kudai sifa hiyo. Kutoka huko jina likasambaa pamoja na sheria za barabarani za makoloni, hadi likafika kwa konda wa daladala.

Maana nyingine iko hospitalini, na hii nataka kukaa nayo kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Daktari Theodore Woodward, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Maryland huko Baltimore, aliwaambia wanafunzi wake kwamba wakisikia kishindo cha kwato nje wafikirie farasi, wasitarajie zebra. Alimaanisha kwamba mgonjwa akija na dalili, anza na ugonjwa wa kawaida kabla ya kukimbilia ule wa ajabu. Tangu hapo madaktari wa Marekani wanauita ugonjwa adimu zebra. Baadhi ya wagonjwa wamelipokea jina hilo kwa mikono miwili. Wenye ugonjwa wa Ehlers-Danlos, unaolegeza viungo na ngozi, na ambao mara nyingi huzungushwa miaka kabla ya kutambuliwa, wamemfanya punda milia kuwa alama yao, na siku ya magonjwa adimu duniani, mwisho wa Februari, utawaona wamevaa milia.

Ushauri wa Woodward ni mzuri, lakini ni wa Baltimore. Mpeleke Seronera, ndani ya Serengeti, ambako punda milia wapatao 200,000 husafiri na nyumbu kila mwaka. Pale kishindo cha kwato kikisikika usiku nje ya hema, anayefikiri farasi ndiye amekosea. Nasema hivi kwa uzito, kwa sababu magonjwa ndivyo yalivyo. Mtu akiingia zahanati ya Rufiji ana homa na baridi, malaria ndiyo farasi wa pale, na mhudumu ataanza nayo. Mtu huyohuyo akiugua Baltimore baada ya kutoka safari, malaria ni zebra, na kuna wasafiri waliopoteza maisha kwa kuwa daktari hakuifikiria mapema. Wanafunzi wetu wa udaktari wanasoma vitabu vya Kiingereza na wanakutana na msemo huu. Natamani kila mwalimu anayeutumia Muhimbili au Makerere aanze kwa kuuliza darasa: hapa kwetu, nani ana kwato nyingi zaidi?

Sasa nije kwa mnyama aliyepotea.

Kwenye nyika za Afrika Kusini, Karoo na maeneo ya Free State, aliishi mnyama ambaye Wakhoikhoi walimpa jina kwa kufuata mlio wake: kwa-ha-ha. Makaburu wakalichukua, wakalitamka kwagga, na Waingereza wakaliandika quagga. Mbele alikuwa na milia, kichwani, shingoni na mabegani. Ukielekea nyuma milia ilififia ikaishia kwenye kahawia, na miguu yake ilikuwa myeupe. Wafugaji walimpiga risasi kwa ajili ya ngozi na nyama, na kwa sababu alikula majani ambayo waliyataka kwa kondoo wao. Ni quagga mmoja tu aliyepigwa picha akiwa hai, jike lililofugwa kwenye bustani ya wanyama ya London.

Hapa ndipo jina lilipofanya kazi yake mbaya. Watu wa kule hawakulitumia neno quagga kwa mnyama huyo peke yake. Walilitumia kwa kila punda milia waliyemwona, mwenye milia yote na mwenye nusu. Kwa hiyo hata yule halisi alipokuwa amebaki kwa kuhesabika, masikio ya watu yaliendelea kusikia kwamba quagga wapo, wameonekana jana, wamepita kule. Tarehe 12 Agosti 1883 jike moja lilikufa katika bustani ya wanyama ya Artis, Amsterdam. Siku ile hakuna aliyejua kwamba lilikuwa la mwisho duniani. Risasi ndizo zilizomuua quagga, hilo silipunguzi. Lakini jina la jumla liliwaziba watu macho katika miaka ambayo bado wangeweza kufanya kitu.

Mwaka 1984 watafiti wa Berkeley, California, walitoa vinasaba kwenye kipande cha mwili wa quagga kilichohifadhiwa Ujerumani. Hakuna mnyama aliyetoweka aliyekuwa amesomwa vinasaba kabla yake. Walikuta kwamba alikuwa ndugu wa karibu kabisa wa punda milia wa nyika, huyu wetu wa Serengeti na Mikumi. Tangu 1987 kuna mradi Afrika Kusini, ulioanzishwa na Reinhold Rau, unaozalisha punda milia wenye milia michache kizazi baada ya kizazi mpaka wafanane naye. Wanapendeza kuwatazama. Kwangu mimi bado ni punda milia waliobadilishwa koti, na aliyekufa Amsterdam hajarudi.

Kanuni za majina ya kisayansi zinataka jina lililotangulia kuandikwa ndilo lishike. Quagga aliandikwa mwaka 1785. Punda milia wa nyika aliandikwa 1824 kwa jina la mvumbuzi Mwingereza, Burchell. Ilipoonekana kwamba hao wawili ni spishi moja, jina la quagga likashinda. Ndiyo maana leo punda milia wa nyika wa Tanzania, Kenya na Uganda kisayansi ni Equus quagga. Amepewa jina la marehemu kwa mara ya pili. Kwa Kiingereza cha mtaani anabeba jina la zebro wa Ureno, na kwa Kilatini cha wanasayansi anabeba jina la quagga wa Karoo.

Na quagga naye, kama zebra, amehamia kwenye vitu vingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kome wadogo wenye milia kutoka upande wa Bahari Nyeusi waliingia kwenye maziwa makubwa ya Marekani wakiwa ndani ya maji ya meli. Wakaziba mabomba na kuvuruga uvuvi. Waliitwa kome zebra. Baadaye wataalamu wakagundua kwamba wengine ni wa aina tofauti, milia yao inafifia kuelekea upande mmoja wa gamba. Wakawaita kome quagga. Wavuvi wa Michigan wanalitaja jina hilo kila siku, wakilaani.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulichukua hili kwa uzito, kwa sababu neno letu punda milia nalo linafunika wanyama wawili. Yuko huyu wa nyika tuliyemzoea. Na kaskazini mwa Kenya, Samburu, Laikipia, Isiolo, Marsabit, na kuvuka hadi Ethiopia, yuko mwingine ambaye dunia inamwita kwa jina la rais wa Ufaransa, Jules Grévy, kwa sababu Menelik wa Ethiopia alimtumia mmoja kama zawadi na mwaka 1882 wataalamu wa Paris wakatambua kwamba ni spishi ya peke yake. Waliobaki porini ni kama 3,000 tu. Anayesikia kwamba Serengeti peke yake ina punda milia laki mbili anaona hakuna cha kuogopa, na neno alilolisikia halimwambii vinginevyo.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kufika Samburu, tazama tumbo. Wa nyika milia yake ni mipana na inazunguka hadi chini. Wa Grévy milia yake ni myembamba na ya karibukaribu, na tumbo ni jeupe tupu. Masikio yake ni makubwa na ya mviringo. Msikilize pia: wa nyika analia kwa-ha-ha, ileile sauti waliyoisikia Wakhoikhoi, ila huyu wa Grévy analia kama punda kabisa. Tangu mwaka 2016 Kenya imekuwa ikiwaita wananchi wa kawaida, wanafunzi, wafugaji na watalii, wasaidie kuwahesabu kwa kamera. Kila mnyama ana milia yake isiyofanana na ya mwingine, hivyo picha ya ubavu mmoja inatosha kumtambua asihesabiwe mara mbili. Wanaomba ubavu wa kulia.